Kuwepo Pale Ulipo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uzingativu

Kila Jumamosi asubuhi tunakutana watu kumi na kitu uani kwangu, Tabata, Dar es Salaam. Tunakaa kimya dakika ishirini, wengine kwenye mkeka, wengine kwenye viti vya plastiki, kisha tunakunywa chai. Mimi ni mhasibu. Si daktari, si mtawa, na sina cheti cha kuponya mtu. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila anapokuja mgeni. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa, hata yale ya kejeli, maana mara nyingi hayo ndiyo yenye maana.

Hiki kitu kinaitwaje kwa Kiswahili?

Utasikia uzingativu, umakinifu, taamuli. Mimi natumia uzingativu kwa kukosa jingine, ila mtu akinisimamisha njiani namwambia ni zoezi la kuwepo. Tatizo lenyewe tunalijua kuliko jina la dawa yake. Tunasema fulani "yupo lakini hayupo". Mke anasimulia habari nzima ya ada ya mtoto, mume anaitikia "mm, mm", mwisho anauliza: "Ehe, ulikuwa unasemaje?" Uzingativu ni kinyume cha huyo mume: kujua unachokifanya wakati unakifanya, na kujua kinachopita mwilini na kichwani mwako wakati kinapita, kabla hujakimbilia kukifukuza au kujilaumu kwa ajili yake.

Tena angalia neno tunalotumia kwa dhiki. Mtu akikonda bila ugonjwa unaojulikana, majirani wanasema "ana mawazo". Hawasemi mawazo mabaya. Mawazo tu, kana kwamba wingi wake ni maradhi tosha. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Daktari wa akili Dixon Chibanda alilichukulia neno hilo kwa uzito alipoanza, mwaka 2006, kuwaweka akina bibi kwenye mabenchi nje ya zahanati za Mbare, Harare, ili wawasikilize watu wenye msongo. Bibi hamfundishi mtu kupumua. Anamsaidia achague tatizo moja kati ya mengi aliyonayo na kulitafutia hatua. Lishike hilo, nitalirudia kwenye swali la kodi.

Kwa hiyo natakiwa niondoe mawazo yote kichwani?

Hapana. Ubongo hutoa mawazo kama mdomo unavyotoa mate. Asiyekuwa na wazo hata moja huenda amezimia, mwagieni maji.

Mbona mimi nikikaa kimya ndiyo mawazo yanazidi?

Hayajazidi, umeanza kuyasikia. Usiku ukizima redio ndipo unagundua bomba la jikoni linavuja. Lilikuwa linavuja tangu mchana.

Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa utafiti mwaka 2010 ambao naupenda kwa urahisi wake. Waliwafuata watu wazima 2,250 kwa simu zao, wakiwauliza kwa nyakati za kushtukiza: unafanya nini sasa hivi, unafikiria nini, unajisikiaje? Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ya mtu ilikuwa nje ya kile alichokuwa akikifanya. Karibu nusu. Na watu hawakuwa na furaha zaidi akili ilipokwenda kwenye mambo mazuri kuliko walipokuwa wametulia kwenye kazi iliyo mbele yao. Ilipokwenda kwenye mambo mabaya, au hata ya kawaida tu, hali yao ilikuwa chini. Kwa hiyo ukikaa dakika tano ukagundua umesafiri mara thelathini, hujashindwa zoezi. Umejihesabu vizuri, na mimi mhasibu nakupongeza.

Nianzeje? Nataka kitu cha leo, si falsafa.

Kaa kwenye kiti, ndoo iliyopinduliwa, ngazi ya nyumba, popote. Nyayo zote mbili ziguse chini. Vua viatu ukiweza, kwa sababu sakafu ya saruji ina ubaridi na ubaridi ni kitu cha kushika. Mgongo usimame wenyewe bila kukaza kama askari kwenye gwaride. Macho yafumbe au yatazame chini, chagua.

Sasa tafuta pumzi iko wapi. Usiivute, usiirekebishe, itafute tu. Kwa wengine inasikika puani, kwa wengine kifuani, kwa wengi tumboni. Ukiipata, hesabu: inapotoka, moja, inapotoka tena, mbili, hadi kumi, kisha rudi moja. Utapotea. Kwenye tatu hivi utajikuta uko Kariakoo unabishana na muuza vitambaa aliyekupunja wiki iliyopita. Ukishtuka tu kwamba uko Kariakoo, hapo ndipo zoezi lilipo. Usijitukane. Rudi moja.

Watu wengi wanadhani zoezi ni zile sekunde za utulivu, na kupotea ni kuharibu. Ni kama mtu anayenyanyua chuma akadhani kazi ni kukishika juu, wakati msuli unajengwa na kule kukishusha na kukinyanyua tena. Aliyepotea mara ishirini akarudi mara ishirini amefanya kazi kuliko aliyekaa ametulia kwa bahati.

Kama kukaa kunakushinda, anza na chungwa. Katika kozi zilizoanzia Marekani mwanafunzi hupewa punje moja ya zabibu kavu siku ya kwanza, aile kwa dakika kadhaa. Sisi huku tuna machungwa. Nunua moja, na mwambie muuzaji asilimenye, umenye mwenyewe. Sikia uzito wake mkononi. Angalia ganda linavyorusha vitone vidogo vya mafuta unapolichana, harufu inavyofika kabla hujaionja, mate yanavyojaa mdomoni bila ruhusa yako. Tia kipande kimoja mdomoni usikitafune mara moja. Mzee mmoja wa kikundi chetu, fundi cherehani, alimaliza chungwa lake akasema amekula machungwa miaka sitini na hilo ndilo la kwanza. Tulicheka, ila naye hakuwa anatania sana.

Dakika ngapi kwa siku?

Tano, kila siku, saa ile ile. Kozi ya hospitali ninayoieleza chini huagiza kama dakika 45 nyumbani, siku sita kwa wiki. Sijawahi kuona mama mwenye watoto watatu akifika huko. Tano za kila siku zinashinda saa nzima ya Jumapili moja ya mwezi.

Nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba viwili, watu saba. Kimya nitakitoa wapi?

Usikitafute. Sikiliza kelele zenyewe. Baada ya pumzi chache, acha masikio yafunguke: muuza samaki anapita, TV ya jirani, mtoto analia chumba cha pili, honi ya daladala kule barabarani. Zichukue kama sauti, kabla hujazipa majina na lawama. Kinachochosha zaidi ya kelele ni ile hotuba ya ndani: "Hawa watu hawana adabu, saa hizi wanafungulia muziki, nitamwambia mwenye nyumba." Hotuba hiyo nayo ni sauti, isikilize ipite.

Wengine wanatumia choo cha nje, ndicho chumba pekee chenye komeo. Sioni ubaya.

Na mbu?

Kaa ndani ya chandarua. Kuna walimu huko Asia wanaosema mbu akikuuma umtazame tu. Hapa tuna malaria.

Mimi ni Muislamu (au Mlokole, au Mkatoliki). Hii si dini ya watu wengine inayoingizwa kwa mlango wa nyuma?

Swali la haki, na nachukia linapojibiwa kwa haraka haraka kwamba "hii ni sayansi tu". Si kweli kwamba ni sayansi tu. Ina ukoo, na ukoo wake ni huu.

Zoezi hili kwa sura yake ya leo lilitoka kwa Wabudha. Neno la Kipali, lugha ya vitabu vyao vya zamani, ni sati. Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids, Mwingereza aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Ceylon (Sri Lanka ya leo), ndiye aliyelichagulia neno la Kiingereza linalotumika sasa dunia nzima, mindfulness. Kwa karne nyingi taamuli nzito ilikuwa zaidi kazi ya watawa. Mambo yalibadilika Burma, Myanmar ya leo. Waingereza walipomwondoa mfalme wa mwisho mwaka 1885, mtawa Ledi Sayadaw aliogopa kwamba dini bila mfalme wa kuilinda itafifia, akaanza kuwafundisha watu wa kawaida, wakulima na wafanyabiashara. Wengine wakafuata, akiwemo Mahasi Sayadaw. Kutoka huko, na kutoka kwa walimu wa Zen, tawi jingine la Ubudha, wa Japani, Korea na Vietnam, likavuka bahari.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwenye shahada ya uzamivu ya biolojia ya molekuli na mwanafunzi wa Zen, alifungua kliniki katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester. Wagonjwa wake wa kwanza walikuwa wale ambao madaktari walikuwa wamefika nao mwisho: maumivu ya mgongo ya miaka, vichwa visivyopoa. Aliondoa sanamu, ubani na mafundisho ya kuzaliwa upya, akabakiza mazoezi, akayapanga kwa wiki nane. Ndiyo kozi hiyo inayofundishwa mahospitalini hadi leo.

Sasa wewe mwenye imani yako. Sati kwa asili inahusu kukumbuka. Dhikri nayo, ukiuliza maana yake kwa Kiarabu, ni kukumbuka na kutaja. Mwislamu aliyesoma madrasa anajua kuwa swala bila khushui ni mwili unaoinama peke yake, na masheikh wetu wa pwani husema "kuhudhurisha moyo". Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwa kirefu juu ya moyo kuhudhuria katika swala. Kwa Mkristo, mwende kwa watawa wa jangwa la Misri. Evagrio wa Ponto, aliyefia huko mwaka 399, aliorodhesha mawazo manane yanayomsumbua mtawa, na akayaita hivyo hivyo, mawazo. Mojawapo humjia mtu kuanzia saa nne hadi saa nane, likamfanya aone jua limeganda na siku haina mwisho. Saa hizo zinahesabiwa kama zetu Waswahili, toka macheo. Nani hajawahi kukaa ofisini saa saba mchana akamwelewa huyo mzee?

Ushauri wangu: kama kutumia zoezi lenye ukoo wa Kibudha kunakukosesha amani, usilitumie. Chukua swala yako, rozari yako au nyiradi zako, uzifanye nusu ya mwendo uliozoea. Kwenye kikundi chetu kuna hajati mmoja ambaye hakai nasi kabisa zile dakika ishirini. Anakuja kwa chai, na zoezi lake ni kusoma Fatiha akisikia kila neno. Sidhani ana upungufu wowote.

Utafiti unasema inafanya kazi au ni biashara?

Vyote viwili. Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Programu za taamuli zilionekana kupunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Hazikuonekana kushinda matibabu mengine kama dawa au mazoezi ya viungo. Watu wanaouza semina huinukuu sentensi ya kwanza, ya pili wanaisahau.

Kuna ushahidi ulio imara zaidi kwa kundi moja: watu waliokwisha kuugua sonona mara tatu au zaidi. Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliunganisha kozi ya Kabat-Zinn na tiba ya kubadili fikra ili kuzuia ugonjwa usirudi, na tangu 2004 miongozo ya tiba ya Uingereza imekuwa ikiipendekeza. Kisha mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio la watu wazima 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi huko Marekani. Nusu walipewa kozi ya wiki nane, nusu dawa ya escitalopram. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana.

Hiyo ni kozi kamili yenye mwalimu aliyefunzwa. Si video ya dakika tatu yenye picha ya machweo.

Nina deni, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Kupumua kutanilipia?

Hakutalipa hata shilingi. Swali hili naulizwa na watu wenye hasira, na wana haki, kwa sababu mitandao imejaa wahamasishaji wanaosema "ishi sasa hivi" huku wao kodi zao zinalipwa na wanaowasikiliza.

Ngoja nieleze la kwangu. Mwaka nilioachishwa kazi nilikuwa na deni la kikoba. Nilikosa marejesho mara mbili, nikaacha kwenda kwenye vikao. Simu ya mweka hazina ikiita, naiacha iite hadi ichoke. Nikawa sipokei hata namba nisizozijua. Usiku nahesabu: nitauza friji, nitamwomba kaka, kaka atasema nini kwa mkewe, wataniweka kwenye kundi la WhatsApp jina langu lionekane. Nilifikiri kwa wiki tano na katika wiki tano hizo sikufanya jambo hata moja.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kukaa dakika zangu tano kwa sababu ya maumivu ya shingo, si kwa sababu ya deni. Jioni moja simu ikaita nikiwa nimekaa. Nikasikia tumbo linasokota kabla hata sijaona ni nani anayepiga. Alikuwa shangazi. Nilicheka peke yangu. Tumbo lilikuwa limeshajibu simu ambayo haikupigwa. Ndipo nikaona wazi kitu ambacho wiki tano za kufikiri hazikunionyesha: nilikuwa sikimbii deni, nakimbia lile tumbo. Deni lilikuwa namba ninayoijua. Tumbo ndilo lililokuwa halina mwisho.

Kesho yake nikampigia mweka hazina, tumbo likisokota vile vile. Nililiacha lisokote. Tukazungumza dakika nne. Tulikubaliana nilipe kwa awamu nne. Deni halikupungua, ila lilikuwa limepata tarehe.

Watu wakiniuliza uzingativu unampaje mtu nguvu, nawaeleza hivyo. Kati ya simu kuita na mkono kuikwepa kuna nafasi, ndogo sana, na siku zote tunaipita tumelala. Zoezi linakuamsha hapo. Halikuambii uchague nini.

Ukitaka hatua za vitendo, baada ya dakika zako tano chukua karatasi. Andika mstari mmoja: kimetokea nini hasa? Si unachokiogopa, kilichotokea. "Mwenye nyumba ametuma ujumbe jana, anataka jibu tarehe 30." Mstari wa pili: naogopa nini? Andika yote, hata ya aibu, hata picha ya vyombo vyako vikitolewa nje watu wakitazama. Mstari wa tatu: kuna jambo gani moja naweza kulifanya kabla ya kulala leo? Moja, kama wale akina bibi wa Harare wanavyofanya. Mara nyingi ni simu moja. Wengi wetu tunajua hatua hiyo siku nyingi, ila imefunikwa na mstari wa pili.

Kazini wametuletea mwalimu wa kupumua, lakini mishahara imechelewa miezi miwili.

Pumueni, kisha mwandikieni mwajiri barua ya mshahara kwa utulivu na usahihi, mkiweka tarehe na viwango. Mnaweza kuifanya hiyo ndiyo zoezi la siku.

Hasira zangu ni za ghafla. Nikishajibu ndipo naona nimeharibu.

Hasira huanza mwilini kabla ya mdomoni. Jifunze yako inaanzia wapi: kwa wengine taya, kwa wengine masikio kupata moto, kwa wengine mikono. Ukiijua mapema unapata sekunde mbili tatu, na sekunde tatu zinatosha kutobonyeza kitufe cha kutuma.

Hapo pumzi ina kazi ya kimwili kabisa. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta hewa na hupunguza unapoitoa, kwa kuendeshwa na neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ukirefusha pumzi ya kutoka, tuseme unavuta kwa kuhesabu nne na kutoa kwa kuhesabu sita, unaupa mwili ishara ya kushusha gia. Mara tano au sita. Usizidishe nguvu wala kuvuta hewa nyingi nyingi, kizunguzungu kitakuja. Ujumbe wa hasira uandike ukitaka, ila uuandike kwenye daftari. Kwenye kundi la familia maneno hayafutiki, hata ukiyafuta, binamu alishapiga picha ya skrini.

Zoezi hili linaweza kumdhuru mtu?

Linaweza, na nakasirika walimu wanapoficha. Mtu aliyepitia ukatili, ajali mbaya au vita, ukimwambia afumbe macho na aingie ndani ya mwili wake, unaweza kumrudisha kwenye siku ile. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na wenzake, amekusanya kwa miaka habari za watu waliopata hofu kali, kukosa usingizi, au hali ya kujiona kama si wao, hasa katika mafungo marefu ya kimya.

Kwa hiyo: ukisikia hofu inapanda, fumbua macho. Simama, gusa ukuta, taja vitu vitano unavyoviona, nawa uso, toka nje. Huo nao ni uzingativu, tena kwa wengine ndio unaofaa. Aliye kwenye msiba mbichi simwambii akae kimya na maumivu yake. Akae na watu, matanga yana busara yake. Na ukisikia sauti wasizozisikia wengine, au unafikiria kujiua, usije uani kwangu. Nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa uliyo karibu nayo, umwambie mtu wa familia leo hii. Tuna mzaha mbaya wa kusema fulani "anastahili Mirembe". Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, ni hospitali kama hospitali nyingine, na nimewaona waliotoka huko wakarudi kazini.

Naweza kuacha dawa zangu za presha au za sonona nikizoea?

Usiache. Zungumza na daktari aliyekuandikia.

Niwafundishe watoto?

Wafundishe kwa kuwatazama usoni wanapoongea, simu ukiwa umeilaza. Masomo rasmi darasani hayajafanya maajabu: jaribio kubwa la Uingereza lililotoa matokeo mwaka 2022, katika shule 85 zenye wanafunzi zaidi ya 8,000, halikuona faida kwa wanafunzi kuliko mafunzo yao ya kawaida ya stadi za maisha. Wengi wao hata mazoezi ya nyumbani hawakuyafanya. Mwenye mtoto wa miaka 12 hatashangaa.

Nasinzia kila nikikaa.

Lala. Huenda una deni la usingizi, si tatizo la kiroho. Kama umelala vya kutosha na bado unasinzia, fanya kwa kutembea: hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi, ukisikia kisigino, unyayo, vidole.

Kuna programu za simu zinazofaa?

Zipo, na baadhi zimetengenezwa vizuri, ila nyingi ni za Kiingereza, zinataka malipo kila mwezi, na ziko ndani ya kifaa kile kile kinachokupotezea akili. Kengele ya saa ya mezani inatosha. Mimi natumia ya kuchemshia mayai.

Nitajuaje kama inasaidia?

Si kwa jinsi unavyojisikia ukiwa umekaa. Kuna siku utakaa dakika tano zote unawashwa na kuudhika. Angalia nje ya zoezi, baada ya mwezi mmoja au miwili. Umekula ukajua umekula? Umewahi kusema "nilikosea" kabla ya kuanza kujitetea? Umepokea ile simu? Kuna dada kwenye kikundi chetu aliyekuja akilalamika kwamba haoni mabadiliko yoyote. Tukamuuliza mumewe siku alipokuja kumchukua. Akafikiri kidogo, akasema: "Siku hizi akiudhika ananiambia kwamba ameudhika. Zamani nilikuwa naambiwa na masufuria."

Mimi ni dereva wa bodaboda. Naweza kufanya nikiwa barabarani?

Kuhesabu pumzi, hapana, na kufumba macho usithubutu. Lakini wewe una kazi ambayo akili ikihama sekunde mbili tu pale Buguruni, lori halikusubiri. Kabla hujawasha, shika usukani kwa mikono miwili, sikia baridi ya chuma, vuta pumzi moja. Ukiwa barabarani, barabara ndiyo pumzi yako: kioo, mashimo, mtembea kwa miguu anayetaka kukatiza, abiria wako amekaa vipi. Ukijikuta unabishana kichwani na abiria aliyekupunja shilingi elfu mbili asubuhi, ujue umetoka, urudi kwenye kioo. Na ukifika kijiweni, kabla ya kutoa simu mfukoni, kaa juu ya pikipiki yako dakika moja uisikie injini inavyopoa, tik, tik, tik.